Kwenye daftari la mikorosho, andika na "bado"

Huku Mtwara kila mtu anajua mikorosho huanza kuchanua kipindi cha kusi, Juni kuendelea. Lakini muulize jirani mwaka juzi ilianza lini hasa. Atakwambia "mapema kidogo," na wa pembeni yake atabisha. Ndiyo maana wachache wetu hapa Mikindani tunaandika tarehe hizo daftarini, kwa kujitolea tu, hakuna anayelipwa hata nauli.

Ukitaka kuanza kwenu, chagua mti unaoupita ukienda dukani au shamba. Wa mbali utauchoka. Ufunge kitambaa, kisha uutazame huohuo kila wiki, siku ileile.

Na uandike hata kama hujaona kitu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: daftari tupu, halafu ghafla "maua." Sasa yamefunguka jana au yana wiki mbili? Kukiwa na "bado" ya Jumamosi iliyopita, tunajua yametoka ndani ya siku hizo 7. Mimi "bado" hiyo naithamini kuliko picha kali ya simu.

Sogea karibu. Ua la mkorosho hufunguka likiwa jeupe, kisha hugeuka wekundu wa waridi, kwa hiyo ukikuta wekundu mwingi ujue umechelewa. Baadaye korosho hutangulia kukua, bibo, lile tunda laini lililoshika korosho, huvimba mwishoni. Kila hatua ipe tarehe yake, usiandike "umezaa" ukafunga daftari. Ukifuatilia na miti mingine, mbuyu ndio msumbufu: ua lake hufunguka magharibi, kesho yake limenyauka. Ukipita mchana tu, angalia yaliyoanguka chini.

Kwa mbayuwayu wanaokuja kutoka Ulaya mwishoni mwa mwaka, au kumbikumbi wa mvua za kwanza, andika pia saa uliyokuwa nje. Usipowaona kwa sababu ulikuwa ndani, hiyo si "bado."

Faida huchelewa kuonekana, sikufichi. Kule Norfolk, Uingereza, Robert Marsham alianza kuandika dalili za majira mwaka 1736, na ukoo wake ukaendelea hadi 1958. Sisi tuna madaftari ya shule na kalamu za kuazimana.

Mwenye shamba akipogoa au akipuliza salfa, dawa ya mikorosho, andika na hilo. Ukisafiri, mwachie daftari mtoto wa jirani, mara nyingi ana macho kuliko sisi. Mwambie tu wiki asiyokwenda aiache wazi, asikisie.