Umepangiwa Mafinga JKT na una pumu: jibu kutoka kwa aliyepitia mujibu wa sheria

Mdogo wangu, nimeusoma ujumbe wako kwa makini. Umemaliza kidato cha sita, jina lako limetoka katika orodha ya vijana wanaotakiwa kuripoti kambi ya Mafinga ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima ya wahitimu wa kidato cha sita, na una pumu tangu utotoni. Baba yako anaona kambi ni kupoteza muda ambao ungeutumia kujiandaa na chuo, wakati binamu yako anakuhakikishia kwamba ukishapita huko kazi ya jeshi ni yako. Nami nilipitia mafunzo hayo nilipomaliza shule, katika kambi nyingine yenye baridi kama hiyo. Ushauri wangu ni kwamba uende, ila hali ya afya yako ijulikane kwa watakaokupokea tangu siku ya kwanza, na matumaini ya ajira uyaache nje ya geti.

Naanza na pumu, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari ya kweli. Mafinga iko Mufindi, mkoani Iringa, na mwezi Juni na Julai baridi ya huko si ya kawaida kwa mtu aliyezoea joto la Pwani. Mchakamchaka huanza alfajiri, wakati baridi imekolea; vumbi la kiangazi linatimuliwa na miguu ya vijana wengi kwa pamoja, na ukipangiwa zamu ya jikoni kuna moshi wa kuni. Kwa hiyo nenda hospitali unakotibiwa kabla ya kusafiri, umweleze daktari unakokwenda na utakachokuwa unafanya, akuandikie barua inayotaja hali yako, dawa zako na mambo ya kuepuka. Beba inhela ya kukutosha muda wote na nyingine ya akiba. Siku ya kupimwa afya, ambayo huwa miongoni mwa siku za mwanzo, itoe barua hiyo hata kama hakuna aliyekuuliza, kisha umweleze matroni na afande wa platuni yako, yaani kikosi kidogo utakachopangiwa. Ikiwa daktari ataona kwamba pumu yako ni kali kiasi cha kutoruhusu mazoezi, basi hilo liamuliwe na yeye na lipelekwe kwa maandishi.

Nalisisitiza hili kwa sababu jirani yangu wa kitanda katika hanga, yaani bweni la kambi, alificha ugonjwa wake wakati wa kupimwa, akihofia kurudishwa nyumbani na kuchekwa mtaani. Asubuhi moja, tukiwa katikati ya chenja, yaani mbio za pamoja za kuimba, alianza kubaki nyuma, akafokewa kwamba ni mvivu, akajikaza kwa hatua chache zaidi kisha akakaa chini katikati ya barabara, midomo imebadilika rangi. Afande yuleyule aliyemfokea ndiye aliyembeba hadi zahanati ya kambi na kukaa naye mpaka pumzi ikatulia, kisha akamuuliza kwa nini hakusema. Alipewa mapumziko, akapangiwa kazi nyepesi, na alihitimu pamoja nasi. Mtu anayekuongoza hawezi kutofautisha uvivu na ugonjwa ambao hukumwambia.

Kuhusu baba yako, nakuomba usimchukulie kuwa mkaidi. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na mwaka 1966 sheria ikawataka wasomi nao walitumikie. Wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walipinga, hasa kwa kuwa mpango ulitaka wapate asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18 ya utumishi huo. Oktoba mwaka huo waliandamana hadi Ikulu, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, huku akitangaza kwamba mshahara wake mwenyewe unapunguzwa kwa asilimia 20. Utaratibu uliendelea hadi 1994 uliposimamishwa, ukarejeshwa 2013. Angalia miaka hiyo vizuri: huenda babu yako ana masimulizi ya JKT, nawe utakuwa nayo, lakini vijana waliomaliza shule katikati ya 1994 na 2013 hawakuitwa, na kama baba yako ni mmoja wao basi anaogopa kitu ambacho hakukiona. Mpeleke akazungumze na mzee aliyepitia enzi zile. Kuhusu muda, mwoneshe kalenda: mitihani ya kidato cha sita huisha Mei, vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba, na miezi mitatu ya kambi inaingia katikati bila kugusa siku ya masomo.

Sasa niseme maisha yenyewe, maana wengine waliojibu ujumbe wako kabla yangu wamesimulia adhabu tu.

Wiki za mwanzo ni ngumu, na hakuna sababu ya kukuficha. Nywele zinanyolewa, simu zinakusanywa, unagawiwa kombania (kundi la platuni kadhaa), platuni na hanga, na kuanzia hapo wewe ni kuruta, yaani mwanafunzi wa jeshi, kama kuruta wengine. Filimbi inalia giza bado lipo. Mnakimbia, mnafanya usafi, mnakunywa uji, mnaingia kwata (mazoezi ya gwaride), mnakwenda darasani au shambani kwenye fatiki (kazi za mikono), mnarudi kwata, mnahesabiwa, na usiku usipokuwa zamu ya lindo unalala kama gogo. Chakula ni kingi lakini ni kilekile, ugali na maharage, na ifikapo wiki ya pili hutasikia tena mtu akilalamika juu yake. Jambo linalowatesa wengi kuliko njaa au uchovu ni kwamba kosa la mmoja hulipwa na wote: mwenzenu akichelewa kutoka hangani, platuni nzima inaruka kichurachura. Siku za mwanzo mtamchukia huyo aliyechelewa. Baadaye mtagundua kwamba ni rahisi zaidi kumsaidia kutandika kitanda chake.

Katika platuni yetu alikuwapo kijana aliyesoma shule ya gharama kubwa, hodari sana wa hesabu, ambaye kila ilipotolewa amri ya "mbele tembea" mkono wake wa kulia ulikwenda pamoja na mguu wa kulia. Alitolewa mstarini, akafundishwa peke yake mbele yetu sote, na kadiri alivyoelekezwa ndivyo alivyozidi kukakamaa. Aliyemsaidia ni binti kutoka kijiji kimoja cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika. Jioni, muda wa kupumzika, alimwomba amsindikize bombani, na njiani akawa anamuuliza habari za nyumbani kwao, za wadogo zake, za mji wao. Kijana alipokuwa anajibu, mikono yake ilikuwa inakwenda sawasawa kabisa, kwa kuwa alikuwa amesahau kuifikiria. Ndipo yule binti akamsimamisha, akamwambia, "Mwendo ndio huohuo. Kaza mkono tu, upandishe." Walirudia njia ile jioni kadhaa. Siku ya kufunga mafunzo, kwenye gwaride mbele ya mgeni rasmi, alikuwa safu ya mbele.

Nimekueleza hilo kwa urefu kwa sababu ndani yake mna kile ninachokiamini juu ya kambi. Silaha na shabaha utajifunza, ujanja wa porini utajifunza, utaapa kiapo, utasoma uzalendo na huduma ya kwanza, na kwa kiasi fulani utashika jembe. Hayo yote yana faida yake. Lakini shuleni tulikwisha kuchambuliwa: wa shule za vipaji na wa shule za kata, wa bweni na wa kutwa, wenye wazazi wenye uwezo na wasio nao. Chuoni mtachambuliwa tena kwa ufaulu na kwa mkopo. Katikati ya hizo mbili, nchi inawalaza hanga moja, inawavika bukta za rangi moja, na inawalazimisha mtegemeane na watu ambao msingechaguana. Nimefanya kazi katika mikoa kadhaa tangu wakati huo, na karibu kila nilipofika palikuwa na mtu wa operesheni yetu wa kunipokea. Utaona kwamba kila mkupuo wa vijana hupewa jina la operesheni, kama lile la Operesheni Kikwete, na watu hulitumia kutambulishana hata baada ya miaka mingi.

Kuna jambo jingine nitalisema kama dada yako. Ukali wa mafunzo ni jambo moja, na matusi ya kumdhalilisha mtu au kutumia cheo kumtaka binti ni jambo jingine kabisa. La pili halimo katika mafunzo yoyote. Likitokea kwako au kwa mwenzako, lifikishe kwa matroni siku hiyohiyo, na likikwama hapo lipandishe juu zaidi. Usitembee peke yako usiku, hata kwenda chooni. Amsha jirani yako, naye akuamshe wewe. Wakufunzi wengi niliowaona ni watu wanaojiheshimu na wanaoipenda kazi yao, na wao ndio wa kwanza kutaka mwenye tabia hiyo ajulikane.

Binamu yako amechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba matangazo ya ajira ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huweka miongoni mwa sifa kuwa mwombaji awe amehitimu JKT na awe na cheti. Cheti hicho kinakupa haki ya kuomba pamoja na wengine wengi walio nacho, hakikupi nafasi. Wako pia vijana wa kujitolea, ambao huomba kupitia ofisi za wilaya na mikoa, husaini mkataba wa miaka miwili, na baada ya mafunzo ya awali hufanya kazi za uzalishaji na kujifunza stadi. Hata wao, JKT yenyewe huwaambia waziwazi kwenye matangazo yake kwamba haitoi ajira na kwamba mkataba ukiisha watarudi makwao kujiajiri. Nimeona vijana waliokaa wakisubiri kuitwa mpaka umri wa kusoma ukawapita, kwa sababu mtu wa nyumbani aliwaaminisha kama unavyoaminishwa wewe. Nafasi ya chuo unayo mkononi. Usiiachie kwa ahadi ambayo aliyetajwa kuwa mtoaji wake anaikana hadharani.

Umesema pia kuwa kuna mtu amempigia mjomba wako akiomba fedha ili akubadilishie kambi ikawa ya karibu. Huyo ni tapeli. Kuitwa kwa mujibu wa sheria hakulipiwi na nafasi haziuzwi. Mjomba asitume hata shilingi, na taarifa ifike polisi ikiwa na namba iliyotumika, kwa sababu kesho atampigia mzazi mwingine.

Kwenye vifaa, fuata orodha iliyotolewa na usiiongeze. Bukta ya bluu iwe na mpira kiunoni, isiwe na zipu, na ishuke mpaka magotini. Ya juu zaidi ya hapo itakataliwa getini. Fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi ndefu, na kwa kuwa unakwenda Mafinga, trakisuti na nguo za baridi zilizo nzito kweli. Vaa raba hizo nyumbani kwa majuma mawili kabla ya kuondoka, kwa sababu raba mpya na mchakamchaka huzaa malengelenge ambayo hayaponi kwa kuwa kesho yake unakimbia tena. Anza pia kukimbia polepole sasa hivi, kwa kibali cha daktari wako, ili mapafu yasikutane na mazoezi na baridi siku moja.

Nyaraka ndizo zinazosahaulika zaidi. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka mkiwa kambini, na dirisha la kuomba chuo na mkopo hufunguliwa ukiwa hujarudi nyumbani. Sisi tulipata habari za matokeo tukiwa shambani. Wengine waliimba, wengine walikaa chini ya mti bila kusema neno, na yule kijana wa kwata ndiye aliyekaa na binti wa Ziwa Tanganyika kumchagulia kozi zinazolingana na alama zake, kwa kuwa kwao hapakuwa na mtu aliyewahi kujaza fomu hizo. Beba cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na nakala zake zilizothibitishwa, na seti nyingine mwachie baba yako pamoja na orodha ya kozi unazozitaka kwa mpangilio, ili mawasiliano yakikwama aweze kuanza bila wewe.

Nauli ya kurudi itenge tangu sasa na usiichanganye na fedha ya matumizi. Ishonee ndani ya begi kama utapenda. Majuma ya mwisho duka la kambi huwa na wateja wengi, na siku ya kufunga mafunzo utawaona wenye mabegi mgongoni wakizunguka kutafuta wa kuwakopesha nauli ya kufika nyumbani.