Mkuu, usiwaweke wazazi wako chini ya ule mti

Mkuu, swali lako la utumie lenzi ya milimita 50 au 85 liache kwanza. Nimesoma vizuri hadi pale ulipoandika kwamba Jumamosi saa sita mchana utawapiga wazazi wako picha za kumbukumbu chini ya mti wa uani, "kwa kuwa pana kivuli kizuri". Hapana. Usithubutu.

Mti wenye majani yaliyoachana hautoi kivuli, unatoa madoa. Jua linapenya kwenye kila upenyo na kutua linapotaka: puani, begani, nusu ya jicho. Ukiwa umesimama pale huoni tatizo, kwa sababu unamwangalia mama yako na akili inakusaidia kuyapuuza madoa. Kamera haimjui mama yako.

Mimi somo hili nimelilipia kwa picha zisizoweza kurudiwa. Ukoo mzima ulikusanyika, wengine wametoka mbali, babu kakaa kwenye kiti katikati, na kamera nimekabidhiwa mimi. Jua la utosini, mti mkubwa, kila mtu anasifia ubaridi. Kamera ikapima wastani wa kilichokuwa mbele yake, na kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa giza la kivuli, ikaongeza mwanga. Vivuli vikatoka vizuri, madoa ya jua yakaungua. Babu alipata doa moja kutoka kwenye paji la uso hadi shavuni, jeupe pe, halina ngozi wala kunyanzi. Doa la shangazi lilitua puani. Wajukuu walitoka kama watoto wa chui, na hao angalau walicheka walipojiona. Juu ya hayo, mwanga uliochujwa na majani ulizipaka nyuso zote ukijani wa mtu anayeumwa. Babu hatunaye tena, na ile ndiyo picha ya mwisho tuliyopiga pamoja naye.

Aliyenifikisha hapo alikuwa mwalimu wa kozi fupi, tena ya kulipia. Alisimama mbele yetu akasema: "Mradi mna kivuli, pigeni, mengine mtarekebisha kwenye kompyuta." Tutarekebisha nini? Kati ya doa la jua na kivuli kinacholizunguka, tofauti huwa hatua 3 au 4 za mwanga, na kila hatua ni kuzidisha mwanga mara mbili, yaani mara 8 hadi 16. Faili ya JPEG, ile ya picha ya kawaida, ina ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi, kuanzia 0 hadi 255. Nyekundu, kijani na bluu zikishagonga 255 zote, hapo hakuna ngozi iliyojificha ikisubiri kurudishwa. Ukishusha mwangaza, weupe unageuka kijivu tu. Faili ghafi (RAW), ile ambayo kamera haijaichakata, ingenisaidia kidogo, ila nayo ina ukomo wake. Nilikesha nikihangaika na shavu la babu kwa sababu mtu aliyelipwa kufundisha aliona uvivu kusema "sogezeni watu". Mpaka leo nikikutana na sentensi hiyo ya kurekebisha baadaye, napandwa na hasira.

Sasa usije ukawatoa chini ya mti ukawasimamisha juani. Jua la saa sita linatoka juu, na likionekana kutoka chini ni kitu kidogo mno angani, kama nusu digrii tu, ndiyo maana vivuli vyake vinakata kama wembe. Macho yatageuka mashimo na baba atakunja uso kila picha. Angalia kivuli chako chini: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua limeshavuka digrii 45 na halikufai kwa uso.

Kanuni ninayoishi nayo ni hii: macho ya anayepigwa ndiyo yanayochagua mahali, mandhari hayana kura. Msimamishe mama, mwombe ajizungushe taratibu duara zima, na wewe utazame macho yake tu, usihangaike na ukuta wala maua. Kuna upande ambao nukta nyeupe itawaka kwenye mboni na giza la chini ya nyusi litapungua. Hapo hapo. Akimaliza duara bila nukta kuwaka, hameni, hata kama nyuma yake pana bustani ya peponi.

Umesema baba hapendi kukaa ndani. Basi tafuta kivuli kizima, cha jengo au cha baraza yenye paa, uwaweke karibu na ukingo wake, nyuso zielekee kwenye uwazi. Anga lote linakuwa taa yao, kubwa na laini. Hakikisha hakuna jua linalowafikia hata begani, na wasikae juu ya nyasi zinazopigwa na jua, zitawapaka kijani kidevuni. Mvua ikiwazuia, tumia dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, uwasogeze karibu nalo, na uzime taa za ndani. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, balbu ya manjano iko karibu na 3000, mchana uko kwenye 5500 hivi. Ukizichanganya, shavu moja litakuwa la chungwa na jingine la bluu.

Na usisubiri Jumamosi. Leo saa sita mshike yeyote aliye nyumbani, mzungushe pale chini ya mti, kisha mzungushe barazani. Piga zote mbili, ukuze picha hadi uone mboni, halafu uzilete hapa kabla hujawavalisha wazee.