Mjomba aliomba kijiji kimoja, nikampeleka kila mahali

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Leicester ameniandikia. Wazazi wake wanakuja mwezi wa nane, naye anataka kuwatembeza Lincolnshire, mkoa wa mashariki ya Uingereza, waone makanisa ya kale, ngome na makumbusho. Ameambatisha ratiba. Nimehesabu vituo saba, siku moja. Donge limenikaa kooni, maana ratiba kama hiyo niliwahi kuipanga mimi.

Mwaka juzi mjomba wangu alikuja kutoka Unguja. Amefundisha Kiswahili maisha yake yote ya kazi, na katika ziara nzima aliniomba jambo moja tu: nimfikishe Little Steeping, kijiji kidogo cha Lincolnshire, upande wa Skegness, mji wa pwani. Mjomba ni Mwislamu, hakuwa akitafuta pa kusali. Alitaka kuona alipokaa Edward Steere, askofu Mwingereza aliyejenga Kanisa la Mkunazini, Unguja, pale palipokuwa soko la watumwa. Steere alikuwa kasisi wa Little Steeping, na mwaka 1870, akiwa amerudi hukohuko kijijini kutoka Unguja, ndipo kilipotoka kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Mwaka huohuo zikatoka na hadithi alizosimuliwa na wazee wetu. "Nataka nipaone tu," mjomba aliniambia. "Nione ngeli zetu zilipangwa mbele ya dirisha gani."

Mimi nikaona kijiji kimoja hakimtoshi mgeni wa heshima. Nilitaka pia ajue kwamba mpwa wake anaifahamu Uingereza.

Tukaanzia mji wa Lincoln. Stesheni iko bondeni, kanisa kuu liko kileleni, na njia ya kupandia inaitwa Steep Hill, yaani mlima mkali. Ni mkali kweli. Karibu na Jew's House, nyumba ya mawe ya karne ya 12, mjomba alisimama, mkono mmoja ukutani, mwingine gotini. Lipo basi la kupanda juu. Sikuwa nimeuliza.

Kanisa lenyewe lilianza kujengwa 1072, likapasuliwa na tetemeko la 1185, likajengwa tena. Mnara wake wa kati ulikuwa na kilele cha mbao kilichoanguka 1548. Kabla ya hapo, inasemekana, hapakuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Ndani, juu kabisa kati ya matao, kuna kishetani cha jiwe: masikio mapana, mguu umepandishwa juu ya goti la mwenzake, kinywa wazi. Mjomba alikiinulia shingo mpaka kofia ikaanguka. "Fundi huyu," alisema, "angeelewana na wachonga milango wa Mji Mkongwe." Alitaka kuendelea. Nikamvuta mkono wa koti kwa sababu ngome ilikuwa inatungoja.

Ngome ya 1068 ina nakala ya Magna Carta ya 1215, hati ya kale iliyomwekea mfalme wa Uingereza mipaka, moja kati ya nne zilizobaki. Chumba kina giza, maandishi ni madogo kama sisimizi. Mwalimu wa lugha akainama juu ya maandishi yale, na mimi natazama saa. Makumbusho ya maisha ya Lincolnshire, ambako kuna kifaru cha Vita vya Kwanza vya Dunia, aina iliyoundwa mjini humohumo, tuliyapita kwa mwendo wa miguu. Kisha treni hadi Boston, si ile ya Marekani bali mji wa Lincolnshire, tukatazame mnara wa kanisa unaopita mita 80. Tulipotoka hapo, basi la mwisho la kuelekea vijijini lilikuwa limekwisha kwenda. Kesho yake Jumapili, hakuna basi. Jumatano mjomba akapanda ndege.

Kwenye treni ya kurudi hakulalamika. Alisema tu, "Tumeona mengi, mwanangu," akageukia dirishani. Maneno hayo hayajanitoka.

Basi ndugu zangu, tuwaulize wazee wanataka kuona nini, halafu tunyamaze tusikie jibu. Tuache kutembeza wageni ili watusifu. Kama mama ametaja sehemu moja, ianze hiyo asubuhi, akiwa na nguvu, na nyingine zifuate kama muda utabaki. Mtu ambaye amesafiri usiku kucha kutoka Afrika Mashariki ana haki ya kukaa saa nzima mbele ya jiwe moja. Na msiende makanisa ya vijijini bila kupiga simu kwanza. Mengi huwa na mtu wa jirani anayeshika ufunguo, na ukimwambia unatoka mbali atafurahi kukufungulia.

Mwezi uliopita nimekwenda Little Steeping peke yangu. Treni ya Nottingham hadi Skegness, kisha teksi katikati ya mashamba tambarare. Safari hii niliweka miadi, na mama mmoja mtu mzima akanifungulia mlango wa Kanisa la Mtakatifu Andrea. Nikampigia mjomba kwa video. Mtandao ulikatika mara mbili. Akaniamuru nishushe simu aone sakafu, nipandishe aone madirisha, nigeuze aone mashamba. Nikampa simu yule mama, wakaongea Kiingereza muda mrefu kuhusu Mkunazini, mimi nimesimama pembeni nimeshika kofia yangu.

Betri iliisha kabla hajaona makaburi. Jana ameniuliza nitarudi lini.