Harufu imekata, lakini dawa bado ipo: kwa mama aliyeuliza kuhusu kunguni

Dada, umesema mlipuliza dawa ya kunguni siku sita zilizopita, harufu imekata, na sasa unataka mtoto wa miezi tisa arudi kutoka kwa bibi yake. Wengi wamekujibu mrudishe tu, fungua madirisha. Nakuomba usimrudishe kwanza, na nitakueleza kwa nini, maana hili limenipata ndani ya nyumba yangu.

Nilifanya kibarua cha kupuliza dawa Dar kwa miaka sita. Mwaka 2013 tulihamia chumba na sebule Temeke, kunguni wakawa wengi hadi kwenye tundu za swichi. Mke wangu akaenda na mtoto kwao Morogoro, mimi nikanunua dawa ya kupimiwa, ile wanayomimina kutoka dumu kubwa wakakutilia kwenye chupa ya maji. Nikaichanganya kwa kukadiria, vifuniko vitatu kwenye ndoo, ikawa nyeupe kama tui. Nikapuliza kuta, sakafu, chaga za kitanda na godoro lenyewe pande zote mbili. Siku ya tatu harufu ikawa imekata, nikawapigia simu warudi.

Binti yetu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa na mdoli wa kitambaa ambao hakulala bila huo, ananyonya sikio lake mpaka linalowa chapa. Mdoli ule haukwenda Morogoro. Ulibaki juu ya kochi, na mimi sikuupulizia hata tone. Siku ya pili baada ya kurudi mate yakaanza kumtoka sana. Tukasema meno. Jioni akaanza kuhara na kutapika, jasho linamtiririka, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Daktari alipomulika macho yake swali lake la kwanza lilikuwa: nyumbani mmepuliza dawa? Akapewa atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, tukalala naye hospitali siku nne. Alipona, namshukuru Mungu. Niliporudi kwa muuzaji na kusoma dumu, ilikuwa klorpirifosi, dawa ya shambani. Marekani waliiondoa kwenye matumizi ya majumbani kwa makubaliano ya mwaka 2000, sababu kubwa ikiwa watoto.

Kilichonisumbua ni ule mdoli. Sikuupulizia, sasa dawa ilifikaje? Miaka baadaye nikasoma utafiti wa mwaka 1998 wa watu wa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey. Walipuliza klorpirifosi kwenye fleti mbili, kisha wakaweka midoli ya plastiki na ya manyoya baada ya dawa kupulizwa. Midoli iliendelea kunyonya dawa kwa wiki mbili nzima. Dawa za namna hii hupaa polepole kutoka sakafuni, zikazunguka na hewa, halafu zikatua tena kwenye kitu chochote laini: pazia, godoro, kochi, zulia, nguo. Nyingine hujishika kwenye vumbi. Kwa hiyo pua yako inakuambia hewa imepungua dawa, haikuambii kilichobaki kwenye godoro. Na mtoto anayetambaa yuko chini kabisa, kwenye vumbi, kila dakika kidole kinywani.

Shambani jua na mvua huivunja dawa. Chumbani hakuna jua wala mvua. Tena nyingine zimetengenezwa makusudi zikae: deltamethrini inayopulizwa ukutani dhidi ya malaria inatakiwa kuua mbu miezi mitatu hadi sita. Lakini ile hupimwa, miligramu 20 hadi 25 kwa mita ya mraba, huwekwa ukutani si kwenye godoro, na watu hukaa nje angalau saa mbili, kisha sakafu husafishwa kabla watoto hawajaingia. Hakuna vifuniko vitatu pale. (Na tafadhali mtu asitupe chandarua chenye dawa kwa sababu ya maneno yangu. Kile ni kitu kingine, dawa yake imepimwa na imeshikwa na nyuzi.)

Sasa chumba chako. Piga deki kwa maji ya sabuni, sakafu yote hadi chini ya kitanda, umwage maji, urudie kesho na keshokutwa. Maji matupu hayatoshi, dawa hizi zina asili ya mafuta. Usifagie kwa fagio kavu la chelewa, litainua vumbi likatue tena. Futa meza, kingo za madirisha na vishikio vya mlango. Mashuka, mapazia na nguo za mtoto zifuliwe peke yake. Vaa glovu. Mdoli wa kitambaa uliokuwemo chumbani, utupe. Godoro lililopuliziwa mtoto asilalie kabisa, mtafutie jingine. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Kunguni wakirudi, chaga zimwagie maji yanayochemka na mashuka yaloweke kwenye maji ya moto kama hayo, kila wiki bila kuruka.

Mtoto wako akitokwa mate kupita kawaida, jasho, kuhara, mboni kuwa ndogo au misuli kutetemeka, msiseme meno. Nenda hospitali na chupa ya dawa mkononi.

Sasa angalia hiyo chupa. Kama ina lebo, niandikie hapa jina la kiambato na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, niangalie ni dawa ya aina gani. Kama ni ya kupimiwa, mtoto aendelee kukaa kwa bibi.