Anti, kwa nini walitupandisha halafu wakatushusha?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi kijana wa Kimara, miaka 29, mpira nacheza kila Jumapili na mbio nakimbia mpaka Mbezi na kurudi. Mwezi wa 12 tulienda Kilimanjaro na watu wa kazini, njia ya Machame siku 6. Siku ya 1 na ya 2 nilikuwa mbele ya wote, waongozaji wananiambia pole pole kaka, mi nacheka tu. Siku ya 3 ndo nikakiona cha mtema kuni. Tumetoka kambi ya Shira asubuhi freshi jua linawaka, kufika saa 5 kichwa kikaanza kugonga kama ngoma na sisi tunazidi kupanda tu mpaka kwenye lile jiwe kubwa la Lava Tower, pale nikatapika chai yote, nikakaa chini nikalia Anti, nisikufiche, mwanaume mzima. Mvua nayo ikashuka ina barafu ndani. Afu wakasema haya sasa tunashuka, tukashuka weee mpaka Barranco, na kufika kule kichwa kimeachia, njaa inauma, nikala sahani mbili za makaroni na stori nikapiga mpaka usiku. Kesho yake kupanda tena! Kichwa kikarudi kidogo, muongozaji akiniuliza nasema niko poa huku nameza vidonge vya maumivu kimya kimya, niliogopa kurudishwa.

Kileleni nilifika lakini mpaka leo naona siku ile tulisumbuliwa bure. Sasa mwezi wa 7 tunarudi na kundi lingine, jamaa wanasema tupite Marangu siku 5 tuokoe hela, kule hakuna mambo ya kupanda na kushuka. Na kingine, kuna mama wa mapokezi ofisini kwetu ana miaka 50 na kitu, hakuumwa hata kidogo. Mimi nina tatizo gani, nikamuone daktari wa moyo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, ila kulia Lava Tower hujaanza wewe.

Hebu tupige hesabu ya siku yako hiyo. Kambi ya Shira iko mita 3,800 na kitu, Lava Tower 4,600 na kitu, Barranco mlikolala 3,900 na kitu. Yani mmepanda kama mita 800, mmeshuka kama 700, usiku mmelala juu kidogo tu ya pale mlipoamkia. Ndo maana unaona mlizungushwa. Sasa kambi ya Barafu, ile mnayotokea usiku wa manane kwenda kileleni, nayo iko mita 4,600 na kitu. Sawasawa na Lava Tower! Kwahiyo siku ya 3 mwili wako ulipelekwa kuonjeshwa hewa ya Barafu mchana, masaa machache, halafu ukarudishwa chini ukalale upumzike, na ulipofika Barafu kwenyewe haukuwa mgeni kabisa. Wenyewe wanasema panda juu, lala chini. Ile siku unayoiita ya bure naamini ilikusaidia sana kufika mita 5,895.

Maana kule juu oksijeni katika hewa ni ile ile asilimia 21 kama ya hapa Kimara, kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, pale Lava Tower umebaki zaidi kidogo tu ya nusu ya ule wa pwani, kwahiyo kila ukivuta pumzi unapata oksijeni kiduchu. Mwili unajifunza, unapumua zaidi, figo nazo zinajirekebisha, lakini unataka siku kadhaa. Na wewe mtu wa usawa wa bahari umepanda basi Mbezi Luis, siku chache tu uko Lava Tower. Kichwa kitaacha kugonga?

Daktari wa moyo kwa sababu hiyo peke yake, hapana. Kama hapa hapa Dar ukikimbia kifua kinabana, hapo nenda, usisubiri mwezi wa 7. Ufiti wa mpira haukingi ugonjwa wa mwinuko, na mara nyingi nyie mafiti ndo mnaumia kwa kuwa mnakimbilia mbele. Miili pia haifanani. Yule mama nina hakika alikuwa nyuma anatembea kama anaenda kisimani.

Ila vile vidonge umeniudhi. Dawa ya maumivu inatuliza kichwa, haikuzoeshi mwinuko, na muongozaji akikuuliza hali na kukubana kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni hafanyi kwa ajili ya kukurudisha. Kichwa kuuma na kichefuchefu ni vya kawaida, vikizidi unasimama, hupandi. Ukianza kuyumba kama mlevi, ukashindwa kutembea kwenye mstari, au unaishiwa pumzi umekaa na kikohozi juu, unashushwa saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, watu wanakufa kwa kuficha. Dawa ya kusaidia kuzoea mwinuko ipo, Diamox, muulize daktari kabla ya safari na umwambie kama una mzio wa dawa za salfa, na ujue utakojoa sana na vidole vitachomachoma.

Sasa Marangu. Vibanda vya mbao na vitanda, raha kweli, hamlali kwenye hema. Lakini vituo vya kulala ni Mandara mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700, yani kwa siku 5 kila usiku mnaruka mita 1,000 na usiku wa tatu mnaamshwa kwenda kileleni. Hapo hela mnayookoa ndo mnayoweza kuipoteza yote mkirudishwa Kibo. Chukueni siku 6, ile ya ziada mnakaa Horombo na mnatembezwa mpaka Zebra Rocks huko kwenye mita 4,000 afu mnarudi kulala pale pale. Ndiyo, kupanda na kushuka tena, umekimbia mvua umeingia bwawani.

Mwezi wa 7 baridi ni kali, jaketi la kukodi Moshi likague zipu kabla hujalipa. Na yule mama wa mapokezi mkimshawishi aje tena, mwacheni yeye atangulie, wewe kaa nyuma yake.