Njano Iliyonifelisha

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kila chumvi ninayochoma inatoa njano. Nimerogwa?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo liliwahi kuwa langu, tena kwenye chumba cha mtihani.

Nilipewa unga mweupe, chumvi ya metali fulani, niitambue metali hiyo kwa rangi inayoupa mwali. Nikachovya waya, nikaupeleka kwenye mwali, njano kali ikawaka. Nikaandika "sodiamu" bila kusita. Kumbe ilikuwa potasiamu. Msimamizi aliisoma karatasi yangu kwa sauti mbele ya wenzangu, na kile kicheko chao bado nakisikia. Sijasamehe, nisiseme uongo.

Kosa lilikuwa kwenye waya. Niliupangusa kwa vidole, na jasho lina chumvi. Sodiamu chembe tu inatosha: elektroni zake zikipata joto hupanda ngazi ya juu ya nishati, zikishuka hutoa mwanga wa nanomita 589 hivi, njano inayoumeza urujuani hafifu wa potasiamu. Siku hizi nauchovya waya kwenye asidi ya haidrokloriki, nauchoma, nauchovya tena, hadi mwali usibadilike rangi hata kidogo. Kisha natazama kupitia kioo cha bluu cha kobalti, ambacho huizuia ile njano. Mara ya kwanza urujuani ulichungulia sekunde mbili, ukatoweka. Nilipiga kelele maabara nzima, na nilikuwa peke yangu.

Basi wewe unayetaka kuwa mkemia, safisha waya. Na usiyaamini macho matupu. Lithiamu na strontiamu zote huwaka nyekundu, mtabishana hadi kuche. Pitisha mwanga kwenye spektroskopu, kifaa kinachoutenganisha mwanga katika rangi zake, uone mistari ya kila elementi: lithiamu ina mmoja mwekundu wa nanomita 671, strontiamu ina wa bluu karibu na 461 ambao lithiamu haina kwa nguvu hiyo. Mwaka 1860 wanasayansi wa Kijerumani Bunsen na Kirchhoff waliona mistari ya bluu isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana, wakaigundua metali mpya, sesiamu. Wangekuwa wavivu kama mimi wangeandika "sodiamu" wakaenda kulala.

Na safisha waya. Nimeshasema? Nasema tena, maana vijana hamsikii.

Jana yule msomaji kajibu. Waya wake anausafisha vizuri sana, anasema, kila mara anaufuta kwa leso yake.