Rezidensi ya Uuguzi Huanza Mlezi Anapokuachia Wagonjwa

Wauguzi wengi wanaoingia rezidensi, yaani mafunzo ya kazini kwa wahitimu wapya, katika hospitali za Marekani huipima kwa wiki za mwanzo. Nitakaa na mlezi, yule muuguzi mzoefu wa kunifundisha, muda gani? Nitafundishwa mashine zipi? Lini nitapewa wagonjwa wangu? Ni maswali ya haki. Lakini baada ya kuipitia mwenyewe na kisha kuwalea wengine, jambo ninalowaambia wanaokuja ni hili: sehemu itakayokufaa kuliko zote ni ile inayoanza mlezi akishakuachia. Na hapo ndipo wengi hudhani mafunzo yamekwisha, wakaanza kutafuta visingizio vya kutokwenda kwenye vikao.

Tenganisha kichwani mambo mawili. Kuna mafunzo elekezi, yale ya kuzungushwa wodini, kufundishwa mfumo wa kompyuta na kufanya kazi bega kwa bega na mlezi. Hayo huchukua wiki kadhaa, na katika wodi ya wagonjwa mahututi huwa marefu zaidi. Rezidensi yenyewe ni mwaka mzima, na mafunzo elekezi ni kipande chake tu. Zipo hospitali zinazotangaza rezidensi kumbe zina mafunzo elekezi yaliyopewa jina zuri, kwa hiyo ukienda kwenye usaili uliza waziwazi: mwezi wa 7 nitakuwa napata nini ambacho muuguzi mwingine wa wodi hiyo hapati? Wakikosa jibu, umeshajua.

Mwaka mzima haukuwekwa kwa bahati. Mwaka 1974 mtafiti Marlene Kramer alieleza kinachowapata wahitimu wanapofika kazini: kwanza furaha ya kuajiriwa, halafu mshtuko wa kuona kwamba kazi haifanani na walichosomea, na ndipo taratibu mtu anajirudi. Miaka 10 baadaye Patricia Benner akapanga ukuaji wa muuguzi katika hatua 5, kutoka mgeni kabisa hadi bingwa, na kwa mpangilio wake mtu hufikia hatua ya tatu, ile ya kuweza kupanga kazi na kuimudu, baada ya miaka 2 hadi 3 ya kufanya kazi ya aina moja. Soma tena hapo: miaka 2 hadi 3. Kwa hiyo ukijiona mwezi wa 5 bado unababaika, uko pale pale unapotakiwa kuwa. Mwaka 2002 muungano wa hospitali za vyuo vikuu pamoja na AACN, chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani, walianzisha programu ya mwaka mmoja ambayo hospitali nyingi zinaifuata hadi leo, na ripoti ya mwaka 2010 ya Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo kuhusu mustakabali wa uuguzi ikapendekeza rezidensi kwa wahitimu.

Katika programu nyingi utajazishwa dodoso mwanzoni, mwezi wa 6 na mwezi wa 12, linalouliza unavyojiamini, unavyojipanga, unavyozungumza na madaktari, unavyolala. Lijaze kwa ukweli. Waratibu wanajua kwamba mwezi wa 6 ndipo wengi huanguka. Mwanzoni hujui usichokijua, na mlezi yuko pembeni. Ukifika mwezi wa 6 uko peke yako, umeshaona mgonjwa akibadilika mbele ya macho yako, na wenzako wa wodi wamekwisha kusahau kwamba wewe ni mpya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na wodini jembe hilo hutolewa bila hata kuangalia kama siku ya tatu imefika. Wengi wanaoacha kazi huanza kufikiria kuacha katika kipindi hiki. Ukijikuta humo usiandike barua ya kujiuzulu kabla hujamwona mratibu wa rezidensi. Kazi yake ni hiyo, na ana njia ambazo mkuu wa wodi hana: kukurudisha kwa mlezi kwa zamu chache, kuomba upunguziwe ugumu wa wagonjwa kwa muda, hata kukuhamishia wodi nyingine ndani ya hospitali ile ile.

Sasa tumzungumzie mlezi. Mlezi mzuri atakukera, nakuhakikishia. Atakuuliza "kwa nini" wakati wewe unatafuta "vipi". Atasimama mlangoni mikono nyuma akikutazama unavyohangaika na dripu ambayo yeye angeiweka kwa dakika moja. Huyo mshike. Wa kumwogopa ni yule anayekufanyia kila kitu kwa sababu ni haraka zaidi. Zamu itaisha vizuri, utaenda nyumbani na amani, na siku ya kuachiwa utagundua hujawahi kumpigia daktari simu hata mara moja. Ukiona mlezi wako ni wa aina hiyo, mwambie mapema, kwa heshima: "Leo naomba wagonjwa hawa wawili niwashike mimi mwanzo hadi mwisho, wewe uniangalie tu." Kisha wiki ijayo watatu.

Kuna pia mlezi mkali na kuna mlezi mkatili, na mgeni ni rahisi kuwachanganya. Mkali anakosoa kazi: hujakagua jina kabla ya dawa, hujaandika mkojo. Mkatili anakosoa mtu, na anapenda kufanya hivyo mbele ya watu. Wa kwanza utamshukuru. Kwa wa pili, omba ubadilishiwe, na usiogope kuonekana dhaifu. Maombi hayo ni ya kawaida kuliko unavyofikiri. Andika tarehe na kilichosemwa ili ukienda kwa mratibu uwe na kitu mkononi.

Ukiwa na mlezi, jambo moja ulifanye mara nyingi kuliko yote ni kumpigia daktari. Hospitali nyingi zitakufundisha mpangilio wa SBAR: hali ilivyo, historia fupi, tathmini yako, na unachopendekeza. Mpangilio huo ulitoka kwenye nyambizi za jeshi la wanamaji la Marekani, na ukaingizwa katika tiba na watu wa Kaiser Permanente. Wageni wengi huimudu sehemu ya kwanza na ya pili, halafu hunyamaza wakimsubiri daktari aseme. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye kazi. Linganisha "Daktari, mgonjwa wa chumba cha 12 hajisikii vizuri" na hii: "Daktari, mgonjwa wa chumba cha 12, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo jana, sasa anapumua mara 28 kwa dakika, muda mfupi uliopita ilikuwa 18. Oksijeni imeshuka hadi 90. Nina wasiwasi na mapafu yake. Naomba uje umwone sasa." Simu ya pili haikuhitaji ujasiri mkubwa, ilihitaji kuandika mistari minne kwenye karatasi kabla ya kuinua mkono wa simu. Iandike. Hata wakongwe huandika, ila wao wanaficha karatasi.

Na umeona nimeanza na upumuaji. Ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote, watu hujaza 16 au 18 kwa mazoea, na ndicho mara nyingi hubadilika kabla ya presha kushuka. Hesabu wewe mwenyewe, dakika nzima, kwa kila mgonjwa unayemwonea mashaka.

Ukishindwa kumpata daktari, au akakujibu usubiri na moyo wako haukubali, hospitali nyingi zina timu ya dharura inayoitwa kwa simu kabla moyo wa mgonjwa haujasimama. Katika hospitali nyingi "muuguzi ana wasiwasi" ni sababu tosha ya kuiita, imeandikwa kabisa kwenye utaratibu. Tafuta utaratibu huo wiki ya kwanza, usome, ujue namba. Waulize timu yenyewe wangependa kukuta nini wakifika. Watakwambia kwa furaha, maana muuguzi mpya anayewaita mapema anawapunguzia kazi.

Kinachowatoa jasho wageni kila asubuhi ni dawa za saa tatu. Wagonjwa watano, kila mmoja vidonge kadha wa kadha, mmoja hawezi kumeza, mwingine yuko eksirei, na mfumo wa kompyuta unaanza kuonyesha rangi nyekundu. Hapa watu hukimbia, na kukimbia ndiko huzaa makosa. Jifunze ni dawa zipi kweli zina dakika zake. Katika miongozo inayofuatwa na hospitali nyingi, dawa zinazotegemea muda, kama insulini ya kabla ya kula, hutakiwa ndani ya dakika 30 za muda uliopangwa. Dawa nyingine za kila siku mara moja zina nafasi ya saa 2 kabla au baada. Kidonge cha vitamini hakimuui mtu kwa kuchelewa. Hospitali yako itakuwa na orodha yake. Ikariri, halafu panga mzunguko wako kwa kuifuata badala ya kufuata namba za vyumba.

Vikao vya kila mwezi, vile vya kukutana na wahitimu wenzako, ndivyo vinavyodharauliwa zaidi. Nakiri baadhi ya mada huchosha. Utasikiliza habari za vidonda vya kulala na kuzuia maambukizi ulizokwisha kusikia chuoni. Nenda hata hivyo, kwa sababu ya saa ile ya mwisho ambayo hakuna mkuu wa wodi chumbani na kila mtu anasimulia kilichompata. Unasikia mwenzako wa wodi ya moyo, uliyemdhania yuko mbele sana, akisema analia kwenye gari kabla ya zamu. Unasikia jinsi mwingine alivyomjibu ndugu wa mgonjwa aliyekuwa akipiga kelele. Mgonjwa wako wa kwanza akifariki, watu watakaojua cha kukuambia ni hao, kwa kuwa nao imewapata mwezi huo au watapatwa mwezi ujao. Uliza pia kama saa za kikao hulipwa na kama wodi inaruhusiwa kukuzuia usiende siku ya upungufu wa watu. Programu inayokubali uzuiwe kila mara imekubali kufa.

Zamu za usiku zinahitaji tahadhari yake. Hospitali nyingi hukufundisha mchana, madaktari wakiwepo, mfamasia akiwepo, kisha zinakupeleka usiku ambako watu ni wachache. Omba zamu kadhaa za usiku na mlezi kabla ya kuachiwa. Omba pia usihamishwe wodi kuziba pengo katika miezi ya mwanzo. Programu nyingi zina kinga hiyo kwa maandishi, ila msimamizi wa zamu saa nane ya usiku huenda haijui. Iweke kwenye simu yako ili uweze kumwonyesha.

Kuhusu mradi wa kuboresha kazi ambao wewe na kundi lako mtaufanya mwisho wa mwaka: chagua kitu kidogo. Watu huanza na "kuboresha usalama wa mgonjwa" na kuishia na bango ukutani ambalo hakuna anayelisoma. Kundi likichagua, kwa mfano, kwamba ubao wa chumbani uandikwe jina la muuguzi na mpango wa siku katika kila zamu, linaweza kuhesabu kabla, kubadilisha, na kuhesabu tena. Inatosha.

Soma mkataba. Baadhi ya hospitali hukutaka ukae muda maalumu, mara nyingi mwaka au miaka 2, na ukiondoka mapema ulipe fedha. Uliza kiasi, uliza kama kinapungua kadiri miezi inavyopita, na uliza kinachotokea wao wakikuachisha kazi. Uliza kabla ya kusaini, na majibu wakupe kwa maandishi. Ukiona programu imeidhinishwa na ANCC au CCNE, taasisi za Marekani zinazokagua programu za uuguzi, hiyo ni dalili njema kwamba mtu wa nje ameikagua, ingawa haikuambii lolote kuhusu tabia za wodi utakayopangiwa. Hilo utalijua kwa kuomba kushinda hapo zamu moja kabla ya kukubali kazi na kutazama jinsi wanavyomjibu anayeuliza swali.

Mwaka ukiisha utapewa cheti, na pengine ndani ya wiki chache utaombwa uwe mlezi au usimamie zamu, kwa kuwa wodi yako ina wauguzi wapya wengi na wewe sasa unaitwa mzoefu. Ni sifa, na ni mzigo. Kabla hujakubali, uliza kama kuna mafunzo ya walezi, kama siku unayolea utapunguziwa wagonjwa, na kama kuna mtu wa kumpigia wewe usiku ule ambao mgeni wako amekuuliza jambo na hulijui. Kama majibu yote matatu ni hapana, mwambie mkuu wa wodi akuulize tena baada ya miezi 6.